Mafuta ya ngozi ya kutengeneza nyumbani: weka nazi, weka nta, tyubu usiweke

Kuanzia Juni mpaka Agosti, mvua ikishakata na upepo ukianza kupiga, ngozi za watu hapa Mwanza hupauka, visigino hupasuka, na watoto wenye pumu ya ngozi hujikuna usiku kucha. Ndiyo miezi ambayo kina mama wengi hukaa jikoni kutengeneza mafuta yao wenyewe. Mimi ni mhudumu wa kliniki ya ngozi na jambo hilo naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mafuta mazuri yanatengenezeka nyumbani kwa gharama ndogo. Ila kuna kitu kimoja naendelea kukikuta ndani ya makopo hayo, tyubu ya dawa ya ngozi, na nataka kiishe. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa kila mara.

Ngozi kavu ni nini?

Ni ngozi iliyoshindwa kutunza maji yake. Tabaka la juu la ngozi lina mafuta yake yanayozuia maji kutoka. Ukiyaondoa kwa sabuni kali, maji ya moto sana au dodoki gumu, maji yanapotea, ngozi inapauka na kuwasha. Mafuta unayopaka kazi yake kubwa ni kuziba, ili maji yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana hupakwa ngozi ikiwa bado na unyevu, dakika mbili tatu baada ya kuoga. Anayeoga, akavaa, akanywa chai, kisha ndipo akakumbuka kupaka, amechelewa.

Na tafadhali, sabuni ya mche ni ya nguo. Sabuni ya unga ndiyo zaidi.

Mafuta gani yanafaa?

Mafuta ya alizeti yanayotoka Singida na Dodoma, yale yale ya kupikia, ni mazuri sana kwa ngozi na bei yake inahimilika. Mafuta ya nazi kutoka Pwani yanafaa pia. Siagi ya shea, ambayo mti wake huota kaskazini mwa Uganda na Afrika Magharibi, ni nzito na inafaa visigino na viwiko. Mafuta ya mgando ya dukani, yasiyo na manukato, nayo hayana ubaya wowote. Wengi huyadharau kwa sababu si ya asili, lakini kwa kuziba maji yasitoke ni vigumu kuyashinda. Mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote, si chaguo zuri kwa ngozi kavu, hasa ya mtoto, kwa kuwa yanaweza kulegeza ule ukuta tunaotaka kuulinda.

Niyatengeneze vipi?

Chukua vijiko vinne vya chakula vya mafuta ya alizeti au ya nazi, au nusu kwa nusu, na kijiko kimoja cha nta safi ya nyuki iliyokunwa. Nta hupatikana kwa wauza asali, hasa wanaoleta mzigo kutoka Tabora. Weka vyote kwenye bakuli la bati, bakuli hilo liweke ndani ya sufuria yenye maji, moto uwe mdogo. Usiweke mafuta moja kwa moja motoni, yataungua. Koroga mpaka nta iyeyuke yote, epua, mimina kwenye chombo cha kioo kilichooshwa kwa maji ya moto na kukauka kabisa. Ukitaka yawe mazito zaidi ongeza nta kidogo, na ukitaka mepesi ongeza mafuta.

Nta inahitajika kwa sababu mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 24, na mchana wa Mwanza unapita hapo. Bila nta utabaki na chupa ya maji maji inayomwagika mkobani.

Tengeneza kidogo kidogo, ya mwezi mmoja au miwili. Chota kwa kijiko kikavu, si kwa vidole vyenye maji. Yakianza kunuka kuchacha, yamwage bila kuyahurumia.

Naweza kuongeza alovera, maziwa, asali au maji ya mchele?

Ukitaka kupaka leo na kumwaga kinachobaki, hiari yako. Ukitaka kuweka kwenye kopo mwezi mzima, hapana. Kila penye maji bakteria na ukungu huzaliana, na jikoni kwako huna kihifadhi cha kuwazuia. Kopo litaonekana safi na kunukia vizuri huku limejaa vijidudu, kisha unakwenda kupaka kwenye ngozi iliyopasuka. Alovera nayo ina utomvu wa njano chini ya ganda unaowasha; uchuruzishe kwanza na uoshe nyama yake.

Glisirini inavuta maji na inafaa, lakini usiipake tupu. Dondosha matone machache kwenye kiganja chenye maji, paka, kisha juu yake paka mafuta yako.

Ndimu na limau je?

Usiweke. Maji ya ndimu yakiwa kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi inaungua, inatoa malengelenge na kuacha mabaka meusi yanayokaa miezi. Dawa ya meno, magadi na jiki, jibu ni hilo hilo.

Rafiki yangu anaweka tyubu moja ya dawa ya ngozi kwenye mafuta yake ya nazi, na ngozi yake imekuwa laini ajabu. Kuna ubaya?

Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Mgonjwa anakuja na kopo lake la majarini, amelifunga kwenye kitenge. Nikilifungua linanukia nazi, rangi yake nyeupe inayoelekea uwaridi. Namuuliza kuna nini humu. Anataja nazi, shea, alovera, asali, kila kimoja kwa fahari. Kisha ananyamaza. Nikisubiri, ndipo anaongeza kwa sauti ndogo: "Na tyubu mbili." Tyubu hutajwa mwisho siku zote, maana hata mwenyewe moyoni anajua si mwenzake na nazi.

Tyubu hizo ni dawa ya steroidi. Kwenye boksi utasoma clobetasol, au betamethasone, au jina jingine la ukoo huo. Ni dawa halali, nami huiandika, kwa ugonjwa maalumu, sehemu maalumu, siku zilizohesabiwa. Clobetasol iko katika kundi la steroidi kali kuliko zote za kupaka. Ukiipaka mwili mzima asubuhi na jioni kama mafuta, mwanzoni ngozi inalainika na kung'aa, kwa sababu dawa inazima uvimbe na kupunguza rangi. Hicho ndicho rafiki yako anachokifurahia sasa.

Kinachofuata ni hiki. Ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Michirizi mipana inatokea mapajani, kwapani na tumboni, na michirizi hiyo haifutiki. Chunusi zinajaa usoni, nywele zinaota mashavuni. Fangasi wanasambaa kwa namna ambayo hata sisi wanatuchanganya. Dawa inaingia kwenye damu, sukari inapanda, presha inapanda. Kidonda kikitokea hakiponi upesi, na daktari wa upasuaji akishona, uzi unakata ngozi. Mama wa kujifungua kwa operesheni anayejua hili atanielewa.

Kwa hiyo ndiyo, kuna ubaya. Tyubu usiweke.

Lakini ikichanganywa na mafuta mengi si inapungua nguvu?

Hapana. Hili ndilo naulizwa kuliko yote, na jibu langu halibadiliki. Umeipunguza ndani ya kijiko, ukaieneza mwili mzima, mara mbili kwa siku, kwa mwaka. Ukijumlisha, umepaka dawa nyingi kuliko mgonjwa yeyote niliyemwandikia. Kuchanganya na kitu cha asili hakuifanyi dawa kuwa ya asili. Kopo lenye nazi na tyubu ni mkorogo. Likiwekewa asali ni mkorogo wenye asali.

Ninanunua mafuta ya asili yaliyotengenezwa tayari. Nitajuaje kama hayana tyubu?

Mafuta ya kulainisha hayabadilishi rangi ya ngozi. Ukiona umeng'aa na kuwa mweupe ndani ya wiki mbili, kuna kitu humo. Ukiacha siku mbili tatu na uso ukawaka, ukawa mwekundu na kuwasha, kuna kitu humo. Muuzaji akikataa kukuandikia vilivyomo, rudisha kopo lake, hata kama ni jirani yako na mko kikundi kimoja cha kuweka na kukopa.

Steroidi, haidrokwinoni na zebaki haziruhusiwi kwenye vipodozi hapa nchini. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, shirika la viwango. Zebaki huharibu figo, na anayepaka huwaambukiza sumu hiyo hata walio nyumbani wanaogusana naye na taulo zake. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huacha weusi wa kijivu mashavuni na kwenye vifundo vya vidole, na weusi huo ni mgumu mno kuuondoa.

Mtoto wangu ana pumu ya ngozi. Nilimpaka mafuta yangu yenye tyubu na akapona. Niendelee?

Mama, usiendelee. Ila kama umempaka miezi, usimkatizie ghafla mwenyewe, mlete kwanza.

Ngozi ya mtoto inafyonza dawa kuliko yako, na mwili wake ni mdogo. Watoto wanaopakwa steroidi kali mwili mzima hunenepa mashavu yakawa duara, ndugu wakasifu kwamba ana afya, kumbe urefu umesimama na kinga imeshuka. Mtoto wa namna hiyo akipata homa ndogo anaweza kuzidiwa ghafla. Ukiona mashavu yamevimba hivyo na umekuwa ukimpaka mkorogo, mlete leo. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao, wala Jumatatu.

Pumu ya ngozi inatibika vizuri kwa mafuta tupu ya kupaka mara tatu kwa siku, kuoga kwa muda mfupi kwa maji ya uvuguvugu, na dawa hafifu ya kupaka tunayoandika sisi kwa siku chache inapochachamaa. Mafuta ya mtoto yasiwe na manukato wala karanga. Na kumpaka mtoto mchanga mkorogo ili atoke mweupe, jambo hilo sina namna ya kulisema kwa upole: msifanye.

Nachambua samaki mwaloni, mikono inapasuka mpaka inatoa damu. Mafuta haya yatanisaidia?

Yatakusaidia sana, pengine kuliko mtu mwingine yeyote anayesoma hapa. Barafu, chumvi, maji ya samaki na sabuni ya mara kwa mara vinaondoa mafuta yote ya ngozi. Paka ule mchanganyiko wa nta kabla ya kuanza kazi, paka tena ukinawa, na usiku paka mwingi kisha vaa soksi safi za pamba mikononi. Ukiweza kuvaa glovu za mpira, vaa glovu nyepesi za pamba ndani yake. Mpasuko ukianza kuvimba, kuuma na kutoa usaha, ni maambukizi. Mafuta hayatoshi, nenda kituo cha afya.

Mafuta ya nazi yanazuia jua?

Hayazuii kwa kiwango cha kukulinda. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao Kanda ya Ziwa ni wengi, kosa hili linaua. Jua letu ni kali, tuko karibu na ikweta na zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Kinachotakiwa ni kofia pana, mikono mirefu na losheni halisi ya kuzuia jua. Pale hospitali ya KCMC Moshi hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino. Uliza hospitali iliyo karibu nawe namna ya kuipata. Kidonda usoni au shingoni kisichopona kwa wiki nne kionwe na daktari, hata kama hakiumi.

Ni lini niache kupaka mafuta nikaenda hospitali?

Ukiwa na baka lililopauka ambalo ukiligusa kidogo na ncha ya unyoya wewe husikii chochote. Ukoma bado upo, dawa zake ni za bure na zinaponya, ila vidole vilivyokwisha kupoteza hisia kwa sababu ulipaka shea miaka miwili havirudi. Kuwashwa kunakozidi usiku, na nyumba nzima inajikuna, ni upele. Mtatibiwa wote siku moja. Vipele vya kuwasha baada ya kuoga ziwani mtaje mhudumu, akuangalie kichocho.

Nimesoma haya yote, na kopo lenye tyubu liko chumbani kwangu sasa hivi. Nifanye nini?

Kama umepaka wiki moja au mbili tu, acha, na kopo litupe. Kama umepaka miezi, mwili mzima, usijiachishe mwenyewe ghafla. Mwili uliozoea steroidi nyingi hupunguza kutengeneza ya kwake, na ukikatiziwa unaweza kuishiwa nguvu, kutapika na kuanguka. Njoo kesho asubuhi na kopo lenyewe, na maboksi ya tyubu kama bado yapo, ili tujue ulichopaka na tukupunguzie taratibu. Ukiwa tayari umeacha na unasikia kizunguzungu, kutapika au udhaifu mkubwa, njoo usiku huu huu, na mtu wa mapokezi mwambie wazi kwamba ulikuwa unapaka mkorogo.