Ule weupe kwenye ncha ya unywele si mzizi

Unachana nywele, unaziona zimebaki kwenye kitana, na kila moja ina kidoto cheupe mwishoni. Wengi hapo hukata tamaa: zimeng'oka na mizizi, basi hazitaota tena. Sivyo. Kidoto kile ni kitako cha unywele uliokwisha maliza muda wake. Kinyweleo, yaani panapootea unywele, kimebaki ndani ya ngozi na kwa kawaida huotesha mwingine.

Unywele wa kichwani hukua miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, kisha hudondoka. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida.

Kwenye hayo mapumziko ndipo watu hukosea hesabu. Homa kali, upasuaji, kujifungua au kupungua uzito ghafla huweza kuzipumzisha nywele nyingi kwa mpigo. Zinakuja kupukutika miezi 2 au 3 baadaye, ugonjwa ukiwa umeshasahaulika, na lawama zote anabebeshwa shampuu iliyonunuliwa juzi! Mara nyingi hali hii hukoma yenyewe ndani ya miezi 6, ila kwa kuwa nywele hurefuka takriban sentimita 1 tu kwa mwezi, kichwa huchelewa kujaa.

Cha kuogopa ni ngozi laini inayong'aa, isiyo na vitundu, au mabaka yenye maumivu na usaha. Hapo kinyweleo chenyewe huenda kimegeuka kovu. Misuko ya kubana sana, miaka nenda miaka rudi, nayo huweza kukufikisha huko. Muone daktari wa ngozi mapema, zilizobaki ziokolewe.