Unakwenda Singapore? Anza na pochi ya dawa

Mama mmoja alifika kliniki kwetu wiki moja kabla ya safari ya kumtembelea binti yake anayesoma Singapore. Alichotaka ni kadi ya njano tu, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nilipomwomba anioneshe dawa anazosafiri nazo, akatoa kwenye pochi bahasha tatu ndogo za kaki, zile tunazopewa maduka ya dawa, kila moja imeandikwa kwa peni: 1x2, 1x1, 1x1. "Hizi za sukari, hizi za presha, na hizi za kunisaidia usingizi, mwanangu." Za usingizi zilikuwa diazepamu.

Kwetu bahasha ile inaeleweka. Kwa afisa wa forodha wa uwanja wa ndege wa Changi, hivyo ni vidonge visivyo na jina, na aina moja kati yake inadhibitiwa na sheria. Dawa za usingizi, za wasiwasi na za maumivu makali, zikiwemo diazepamu na zenye kodeini, huenda zikahitaji kibali cha mamlaka ya dawa ya huko, HSA, kabla hujapanda ndege. Maombi hufanywa mtandaoni, kwa hiyo yashughulikie wiki tatu kabla, si siku tatu. Dawa nyingine za kawaida unaruhusiwa kubeba za matumizi yako mwenyewe, zisizozidi miezi mitatu. Ziache kwenye maboksi yake, beba na barua ya daktari yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti. Insulini ikae kwenye mkoba wa mkononi. Na kumbuka saa: Singapore iko saa tano mbele yetu. Kidonge unachomeza saa 2 usiku nyumbani, huko itakuwa saa 7 usiku, hivyo panga ratiba mpya na daktari wako mapema.

Nasisitiza hili la dawa kwa sababu sheria za dawa za kulevya za nchi ile hazina mzaha. Anayeingiza heroini safi inayozidi gramu 15, au bangi inayozidi gramu 500, anakabiliwa na adhabu ya kifo. Sheria pia inachukulia kwamba aliyekamatwa na mzigo alijua kilichomo, mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Ndugu msafiri, usimbebee mtu kifurushi, hata akiwa jirani yako wa miaka 20, hata akikuambia ni unga wa muhogo wa mwanawe. Mirungi, inayouzwa hadharani Kenya, ina kathinoni, ambayo huko ni dawa ya kulevya. Tumbaku ya kutafuna na ya shisha zimepigwa marufuku. Sigara za elektroniki ni kosa hata kuwa nazo mfukoni tangu 2018. Sigara za kawaida hulipiwa ushuru tangu ile ya kwanza. Hakuna pakiti ya bure. Na bazoka, ndiyo, acha nyumbani: kuingiza ubani wa kutafuna kumekatazwa tangu 1992.

Turudi kwenye kadi ya njano, maana watu huiona kama karatasi ya usumbufu. Singapore ina mbu wengi aina ya Aedes, ambaye huuma mchana na hueneza homa ya dengi. Mbu huyohuyo ndiye anayeweza kueneza homa ya manjano. Akiingia mgonjwa mmoja tu, mbu wa kuusambaza ugonjwa wapo tayari, katika mji wenye watu takriban milioni sita. Ndiyo maana anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo huulizwa cheti, na asiyekuwa nacho anaweza kutengwa hadi siku sita. Mtanzania anayepitia Nairobi au Addis Ababa na kukaa huko asijidanganye kwamba hayamhusu. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu 2016 cheti chake ni cha maisha. Ile fomu ya kuingia, SG Arrival Card, hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, bure kabisa. Ukidaiwa pesa, umeingia tovuti isiyo yao.

Ukishafika, mji wenyewe hausumbui. Maji ya bomba hunywewa bila kuchemsha. Soketi za umeme ni zilezile zetu za pini tatu. Treni unalipia kwa kugusisha kadi ya benki getini, ila ndani ya treni usile wala usinywe, hata maji. Faini yafika dola 500 za huko. Joto la nje ni la Dar es Salaam mwezi Februari, lakini madukani kiyoyozi hutetemesha, basi mtandio usikose. Chakula kizuri na nafuu kiko kwenye masoko ya wapishi, yaani kumbi zenye vibanda vingi vya chakula. Pakiti ya tishu juu ya meza tupu maana yake mtu ameshaiwahi. Ukimaliza, rudisha trei mwenyewe. Penye rafu mbili za trei, moja ni ya halali. Tafuta nembo ya halali ya MUIS, baraza la Kiislamu la huko, kisha uagize nasi lemak: ni wali wa nazi, mtu wa pwani hatahitaji kuelezwa. Muuzaji Mmalei akikuuliza "apa khabar", umeshaelewa.

Jambo la mwisho ni homa. Singapore ilitangazwa kuwa haina malaria mwaka 1982, hivyo daktari wa huko huenda asiiwazie. Ukipata homa siku chache baada ya kufika, mwambie mara moja kwamba umetoka eneo lenye malaria na uombe upimwe. Gari la wagonjwa ni namba 995. Ukirudi nyumbani mambo yanageuka: hapa kila homa ni malaria hadi ithibitishwe vingine. Ukiumwa ndani ya wiki mbili baada ya kurejea, mwambie daktari ulikuwa Singapore, apime na dengi. Wakati unasubiri majibu meza parasetamoli tu, si aspirini, brufeni wala diklofenaki, kwa sababu hizo huongeza hatari ya kutokwa damu.