Bluzi si kila wimbo wa taratibu

Jumamosi iliyopita tulikuwa tukiisikiliza upya albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, ile iliyotoka Marekani Januari 1969, na ulipoanza wimbo wa “Babe I'm Gonna Leave You”, mwenzangu akafumba macho na kusema, “Hiyo ndiyo bluzi sasa.” Neno hilo nimelisikia likitumiwa hivyo mara nyingi sana, na leo nimeona nisinyamaze.

Bluzi ni muziki wa Wamarekani Weusi wa kusini mwa Marekani. Kwa kawaida ubeti wake una vipimo 12 vya mapigo manne manne, hupigwa kwa kodi tatu (yaani mafungu matatu ya noti zinazopigwa kwa pamoja), na mwimbaji hutoa mstari, huurudia, kisha huujibu kwa mstari wa tatu.

Jina lenyewe lina safari ndefu. Zamani Waingereza walisema kwamba mtu aliyeshikwa na majonzi amejiwa na mashetani wa buluu, “blue devils”, na kufikia mwaka 1798 mashetani hao walikuwa jina la tamthilia ya George Colman. Baadaye mashetani wakaachwa, ikabaki rangi, “blues”, na mwaka 1912 mtunzi Mmarekani W. C. Handy alipochapisha “The Memphis Blues”, rangi hiyo ilikuwa imekwisha kuwa muziki. Kwetu Afrika Mashariki neno lilipitia disko: ulipofika wakati wa kupunguza kasi na kufifiza taa ili wapenzi wakumbatiane, nyimbo zilizopigwa ziliitwa bluzi. Hapo huzuni ikageuka mahaba, na umbo la wimbo likasahaulika kabisa. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu umbo ndilo walilolijenga wenye muziki huo. Kasi haihusiki: “Boom Boom” ya John Lee Hooker ni bluzi, na huwezi kuisikiliza umekaa kitako.

Wimbo aliousifu mwenzangu ulitungwa na Anne Bredon, nao ni wa jadi ya nyimbo za gitaa kavu, uliowahi kuimbwa na Joan Baez. Nyuzi zinadonolewa moja moja, besi inashuka ngazi kwa ngazi, mpaka ngoma za John Bonham wa Led Zeppelin zinapoupasua. Ni wimbo mzuri mno, lakini vipimo 12 havimo, wala mstari unaorudiwa na kujibiwa. “You Shook Me”, wa Willie Dixon na J. B. Lenoir, ambao Muddy Waters aliurekodi Chicago mwaka 1962, unavyo vyote viwili. Led Zeppelin waliupiga katika albamu hiyo hiyo, na humo gitaa la Jimmy Page linaifuata sauti ya mwimbaji wao, Robert Plant, noti kwa noti, na mwishoni sauti inalia, gitaa linajibu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ule ulioupenda uuite wimbo wa taratibu, au wa mahaba, nami nitaupenda pamoja nawe. Bluzi ilianza pale ulipokwisha, katika wimbo uliofuata.