"Si inayeyushwa tu?" Inategemea umechomwa nini

Jamani nimechoka na hii ya "dokta nichome tu filla ya kujaza midomo, nisipopenda si unaiyeyusha". Nani kawaambia?

Inayoyeyuka ni filla ya asidi ya hayaluroniki, basi, maana kuna kimeng'enya cha hayaluronidezi kinachoivunja. Silikoni haiyeyuki. PMMA, zile chembe za plastiki, haiyeyuki. Mafuta yaliyotolewa tumboni yakapandikizwa mdomoni, nayo hivyo hivyo. Silikoni inaweza kutulia miaka halafu ikaanza kufanya vinundu, hapo ni kisu, na kisu chenyewe hakiitoi yote. Sasa mtu kachomwa saluni, namuuliza ulichomwa nini, ananijibu "filla ya Korea, bei poa". Boksi hukuliona, jina hulijui, mimi niyeyushe nini?

Na hata hiyo ya kuyeyuka siyo kufuta chaki ubaoni. Kimeng'enya kinaweza kukuletea aleji kali. Halafu filla ikiingia kwenye mshipa wa damu au ikiubana, maumivu yanapanda, ngozi inapauka, baadaye inaweza kufa kabisa, hapo tunahesabu saa sio siku, kwa hiyo anayekuchoma kama hana hayaluronidezi humo humo chumbani nyanyuka uondoke. Kwa weusi wetu huko kupauka hakuonekani kama kwenye picha za vitabu, wote wazungu, mie nafunua mdomo nachungulia kwa ndani. Kuvuta bomba kabla ya kusukuma, nione kama sindano imeingia mshipani, navuta, ila damu isipotoka haimaanishi uko salama, na sisi wenyewe bado tunabishana.

Na ile "miezi sita imeisha, njoo uongeze"? Naitilia shaka siku hizi. Picha za MRI zimeshaonyesha filla usoni miaka baada ya kuchomwa, so huenda tunarundika juu ya iliyopo, ndio unaona mdomo unahamia kwenye masharubu.

Mengine haraka: Botox, sindano ya kulegeza misuli, inaukunjua mdomo wa juu kidogo tu, haiujazi. Upasuaji wa kuunyanyua unaacha kovu chini ya pua, ukoo wenu kama una keloidi, makovu yanayovimba, fikiria mara mbili. Zile peni za mtandaoni za kusukuma filla bila sindano, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo juu yake 2021, achana nazo. Unatokwaga vidonda vya homa mdomoni? Sema kabla, nikuanzishie asaikloviri, dawa ya virusi vya hivyo vidonda. Tunaanza na nusu mililita, uvimbe uishe, wiki mbili, ndio uje kulalamika ni ndogo.