Daktari mbele ya kitufe cha "Hariri"

Nilipobonyeza kitufe cha "Hariri" kwa mara ya kwanza katika Wikipedia ya Kiswahili, nilikuwa nimetoka zamu ya usiku katika wodi ya watoto, na sikudhani kwamba angetokea mtu wa kunisahihisha. Makala niliyoifungua ilisema kwamba malaria kali hutibiwa kwa dripu ya kwinini. Niliifuta sentensi hiyo, nikaandika kwamba dawa inayotangulizwa siku hizi ni sindano ya artesuneti, na pale nilipotakiwa kueleza sababu ya badiliko nikaandika maneno machache tu: "Mimi ni daktari wa watoto." Kesho yake maneno yangu yalikuwa yameondolewa na mhariri ambaye, kama nilivyokuja kujua baadaye, si daktari wala muuguzi. Alikuwa ameniachia ujumbe wa heshima kwenye ukurasa wangu wa majadiliano: "Karibu sana, daktari. Tunaomba chanzo."

Nilikasirika, wala sifichi. Hospitalini neno la bingwa kwenye raundi hufuatwa kwanza, maswali yakaja baadaye, kama yanakuja. Wikipedia haina raundi. Haina njia ya kujua kama anayejiita daktari amesomea udaktari au anauza dawa za kienyeji mtandaoni, na kwa hiyo imeuondoa uzito kwa mwandishi na kuuweka kwenye chanzo anachokitaja, ambacho msomaji yeyote anaweza kukifungua na kukihakiki. Hata yale niliyoyaona kwa macho yangu wodini kwa miaka mingi hayaruhusiwi kuandikwa mpaka yawe yamechapishwa na kupitiwa na wataalamu wengine, kwa sababu kamusi elezo si mahali pa kutangaza ugunduzi mpya.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba utaalamu wangu unahitajika, ila si kama ushahidi. Unahitajika katika kupima vyanzo, kazi ambayo mhariri wa kawaida huiona ngumu. Chukua hiyo hiyo artesuneti. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mkubwa uitwao AQUAMAT, uliowahusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, na waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Mtu angedhani kwamba utafiti kama huo ndio chanzo bora kuliko vyote, lakini mwongozo wa Wikipedia ya Kiingereza kuhusu makala za tiba unatutaka tusiegemee utafiti mmoja mmoja, hata uwe mkubwa namna gani. Unapendelea mapitio yanayokusanya tafiti zote za swali moja na kuzipima kwa pamoja, kama yale ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaoandaa mapitio ya namna hiyo, vitabu vya kufundishia vinavyoheshimika, na miongozo ya taasisi kama Shirika la Afya Duniani (WHO), ambalo mwaka 2011 lilipendekeza artesuneti badala ya kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Sababu yake ni rahisi: kila wiki magazeti hutangaza utafiti unaosema kahawa inaponya, na wiki inayofuata mwingine unaosema kahawa inaua. Asiyezoea kusoma tafiti atazinukuu zote mbili kwa nia njema kabisa.

Makala za tiba huchacha kama maziwa. Tanzania ilitumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria ya kawaida hadi 2001, ikahamia SP (mchanganyiko wa sulfadoksini na pirimethamini), kisha mwaka 2006 ikaingia dawa mseto, ile ALu (artemetha na lumefantrini) ambayo kila mzazi anaijua kwa jina la "mseto". Makala iliyoandikwa kwa usahihi mwaka 2000 ingekuwa inapotosha kabla mtoto aliyezaliwa mwaka huo hajaanza darasa la kwanza. Kitabu kilichochapishwa hakina la kufanya. Makala ya mtandaoni inaweza kurekebishwa jioni moja, mradi awepo mtu anayejua kwamba mwongozo umebadilika. Katika lugha yetu watu hao ni wachache mno.

Lakini kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni ya maneno.

Mama anayemtafutia mtoto wake habari usiku haandiki jina la Kilatini. Anaandika "degedege". Neno hilo si tafsiri tu ya mitukutiko inayoletwa na homa. Utafiti uliofanywa Bagamoyo katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba jamii nyingi ziliitenga degedege na malaria, zikaihusisha na pepo au ndege apitaye usiku, na kwamba mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga akafukizwe, huku wengine wakiamini kuwa sindano ingemuua. Sasa mhariri wa makala afanye nini? Akilikwepa neno hilo kwa kuliona la kishirikina, anamfungia mlango msomaji anayemhitaji zaidi. Akilitumia kana kwamba ni jina la ugonjwa mmoja, anachanganya mambo mawili yenye hatari tofauti kabisa: mitukutiko ya kawaida ya homa kwa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, ambayo mara nyingi huisha yenyewe ndani ya dakika chache bila kuacha madhara, na malaria iliyopanda ubongoni, ambayo huua. Nilichokifanya ni kuliweka neno "degedege" katika mstari wa kwanza, nikaeleza linavyotumiwa na watu, kisha nikasema wazi kwamba mtoto yeyote mwenye homa aliyetukutika apelekwe kituo cha afya na kupimwa malaria. Kila kipande kina chanzo chake, pamoja na kile cha imani za watu, kwa maana wanaanthropolojia nao wana majarida yao.

Tatizo la aina hiyo limo pia katika "kifafa cha mimba". Jina lenyewe limekaa vizuri mdomoni na limeenea kote, lakini nimewaona waume walioamini kwamba wameoa mtu mwenye kifafa, na wanawake walioambiwa na wakwe kwamba ugonjwa huo umo katika ukoo wao. Makala haiwezi kulibadilisha jina; inaweza kusema katika sentensi ya pili kwamba hiki si kifafa kile kingine, kwamba chanzo chake kinahusiana na ujauzito na shinikizo la damu.

Hatukuanza na ukurasa mtupu. Mwaka 2010 Google.org, tawi la hisani la kampuni ya Google, ilianzisha mradi wa kutafsiri makala za afya za Wikipedia kwa Kiarabu, Kihindi na Kiswahili, na baadaye James Heilman, daktari wa dharura wa Kanada, pamoja na wenzake walishirikiana na shirika la Watafsiri Wasio na Mipaka (Translators Without Borders) kupeleka makala za tiba katika lugha nyingi, yetu ikiwamo. Huyo huyo Heilman na wenzake waliifanyia kazi makala ya Kiingereza kuhusu homa ya dengi hadi ikachapishwa mwaka 2014 katika jarida la Open Medicine baada ya kupitiwa na wataalamu. (Wapo wanaosema kwamba neno "dengue" lenyewe lilitoka kwetu, kwenye "kidingapopo" au namna yake ya zamani. Mjadala huo nawaachia wanaisimu.) Tafsiri zilisaidia sana. Hata hivyo tafsiri huleta pia ubaridi wa mahali pengine: makala ya afya ya watoto inayoeleza theluji na bima lakini haina neno kuhusu kichocho wala seli mundu.

Kwa daktari anayetaka kuanza, tahadhari chache. Usiandike dozi, mtu atazinukuu na kumpa mtoto. Usiweke picha ya mgonjwa wako, hata ukiwa umemficha macho, bila ridhaa iliyoandikwa. Ukiulizwa na msomaji kwenye ukurasa wa majadiliano kuhusu uvimbe wake, mwelekeze hospitali. Ukilipwa na kampuni ya dawa, itangaze malipo hayo, kwani tangu 2014 masharti ya matumizi yanakulazimisha. Na usinakili mwongozo wa wizara neno kwa neno. Mwongozo huo una hakimiliki, na yaliyomo lazima uyaeleze upya kwa maneno yako.

Ile sentensi yangu ya artesuneti niliirudisha baada ya siku tatu, safari hii nikiwa na mwongozo wa WHO na mapitio ya Cochrane katika marejeo. Mhariri yule aliikubali mara moja. Alibadilisha neno moja tu: nilikuwa nimeandika "kwa njia ya parenterali", naye akaweka "kwa sindano".