Kushiba nako kunafundishwa

Dhana: Biblia imesema fedha ni shina la maovu.

Haikusema. 1 Timotheo 6:10 inataja *kupenda* fedha. Yusufu wa Arimathaya, aliyemzika Yesu, alikuwa tajiri. Lidia aliyempokea Paulo kule Filipi aliuza nguo za zambarau. Na asiye na senti mfukoni anaweza kuipenda fedha kuliko mwenye duka pale Darajani, sokoni kwetu Zanzibar.

Dhana: "Nayaweza mambo yote" maana yake nitapata ninachotaka.

Hapa nitakaa kidogo, maana Wafilipi 4:13 tumeifanya hirizi. Tumeiandika kwenye fulana, tunaibandika kwenye status kabla ya usaili wa kazi. Rudi nyuma mstari mmoja tu. Paulo, naye yuko kifungoni, anasema amefundishwa "kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa". Mambo yote anayoyaweza ndiyo hayo.

Sisi tunaofanya kazi kwenye hoteli za Nungwi na Paje hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia. Julai na Agosti wageni wamejaa na bakshishi inaingia. Masika yakishika, Aprili na Mei, hoteli nyingine hufunga na wafanyakazi wakarudi nyumbani. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua simu ya bei kwa mkopo mwezi wa nane. Aprili nikaiuza Darajani kwa bei ya kutupa, na deni likabaki. Njaa nilikuwa naijua, nimekua nayo. Kushiba ndiko sikuwa nimefundishwa.

Dhana: Aliyeridhika hahangaiki, Mungu atatoa.

Paulo huyohuyo alishona mahema, na aliwaandikia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile. Kucheza upatu na wenzako ili masika yakukute na akiba si upungufu wa imani. (Kubeti ni habari nyingine, tusichanganye.)

Dhana: Mwenye mali ndiye aliyebarikiwa.

Kanisa la Mkunazini limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Waliofanya biashara pale walikuwa na mali tele, na mali yenyewe ilikuwa watu. Kwa hiyo nikisikia gari jipya likitolewa ushuhuda kwamba fulani anapendwa zaidi na Mungu, mimi hukumbuka kile kiduara cha jiwe mbele ya madhabahu, mahali panapoelezwa kuwa ndipo iliposimama nguzo ya kuwachapia watumwa.