Jua Dirishani: Maswali na Majibu Kuhusu Joto la Ndani ya Nyumba Nairobi

Nairobi husifiwa kwa hali yake ya ubaridi. Mbona sebule yangu huwa kama tanuri mwezi wa Februari?

Hewa ya nje haina kosa. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hata kati ya Januari na Machi, joto la mchana kwa kawaida huwa nyuzi 26 hadi 29 za Selsiasi. Tatizo ni kioo. Mwanga wa jua hukipenya bila shida, hupiga sakafu, makochi na kuta, navyo vikishapata moto hutoa joto la namna nyingine ambalo kioo hicho hicho hulizuia lisitoke. Ndiyo maana chumba chenye ukuta mzima wa kioo, kama vilivyo vingi katika magorofa mapya ya Kilimani na Kileleshwa, huweza kuwa na joto kuliko uwanja ulio chini yake.

Dirisha lipi lishughulikiwe kwanza?

La magharibi. Ushauri mwingi unaosomwa mitandaoni umeandikwa kwa ajili ya nchi za Ulaya, ambako dirisha la kusini ndilo hupokea jua kwa muda mrefu zaidi. Sisi tunaoishi karibu na ikweta, adhuhuri jua huwa juu sana, hata mwezi wa Machi hupita karibu kabisa na utosi, na kwa hiyo ukingo mfupi wa paa hutosha kulikinga dirisha la kusini au la kaskazini. Jua la kuanzia saa tisa alasiri, lakini, hushuka na kuingia moja kwa moja chini ya ukingo huo, wakati ambapo nyumba imekwisha kukusanya joto la siku nzima. Dirisha la mashariki nalo hupigwa asubuhi, ila nyumba huwa bado imepoa.

Je, mapazia mazito hayatoshi?

Husaidia, hasa yakiwa na bitana nyeupe upande wa kioo, lakini jua likifika kwenye pazia limekwisha kuingia ndani. Kivuli cha nje hufaa zaidi: mkeka wa matete, turubai la rangi nyepesi, au neti ya kivuli wanayotumia wakulima wa mboga. Mpangaji amwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, na katika ghorofa za juu kila kitu kifungwe imara, maana upepo hauna adabu.

Madirisha yafunguliwe wakati gani?

Usiku na alfajiri. Hapa Nairobi tuna bahati ambayo watu wa Mombasa hawana, kwani hata msimu wa joto usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Fungua madirisha ya pande mbili zinazoelekeana ili hewa ipite, ukizingatia wavu wa mbu na usalama, na usiweke kitanda wala kiti ambacho mtoto anaweza kukipanda karibu na dirisha lisilo na vyuma. Hewa ya nje ikianza kuwa na joto kuliko ya ndani, funga na ushushe mapazia.

Ni nani wa kuangaliwa kwa makini?

Watoto wachanga, wazee, wajawazito, na wagonjwa wa moyo, figo au kisukari. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huongeza mkojo na hivyo kupunguza maji mwilini. Usiziache kwa hiari yako, bali muulize daktari. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asipewe maji, na kitanda chake kisifunikwe kwa shuka ili kumkinga na jua, kwa kuwa hewa iliyo chini ya shuka hupata joto haraka.

Dalili zipi ni za hatari?

Kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na jasho jingi humtaka mtu apumzike kivulini na anywe maji kidogo kidogo. Akianza kuchanganyikiwa, kupata degedege au kuzirai, au joto la mwili likifika nyuzi 40, hiyo ni dharura: piga 999 au 112, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kukoma hadi msaada ufike. Asiye na fahamu asinyweshwe chochote.